Wataalamu wa maji ya mvua niliowatumia Rau, Moshi: masika mbili baadaye

Jengo langu liko Rau, Manispaa ya Moshi: fremu sita mbele, nyumba nne za kupanga nyuma. Kiwanja kina mita za mraba 900 na kinateremka kuelekea mtoni. Kibali cha ujenzi kilipotoka kilikuwa na sharti moja lililoongezwa baada ya kiwanja kukaguliwa: maji ya mvua yasitoke hapo yakiwa na tope, mafuta wala taka, wakati wa ujenzi na baada ya watu kuhamia, na namna ya kuyazuia ioneshwe kwenye michoro kabla ya msingi kuchimbwa. Mchoraji wangu wa ramani hakuwa na jibu. Ndipo nikaelekezwa kwa injinia mmoja kijana mwenye timu ya mafundi wanne wanaofanya kazi hiyo tu. Haya ni maoni yangu juu ya huduma yao. Jina lao siliandiki kwa sababu nina malalamiko mawili mazito, na yote tumeshayazungumza tukayamaliza.

Mimi ni muuguzi mstaafu na jengo hili ni kiinua mgongo changu chote. Lile sharti nililiona ni mzigo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kiwanja changu kiko mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo nilijihesabu nimeshamaliza na mto. Tena ni maji ya mvua, maji yaliyotoka mawinguni. Yana ubaya gani?

Kijana alifika asubuhi, akanisalimia shikamoo, nikaitikia, nikamuuliza michoro iko wapi.

"Michoro bado, mama. Kwanza naomba unioneshe maji ya hapa yanaelekea wapi mvua ikinyesha."

Tukatembea. Kutoka kona ya chini ya kiwanja, tukafuata mtaro wa barabarani, tukapita nyuma ya gereji ya pikipiki ambako ardhi imekuwa nyeusi kwa oili chafu, tukapita pale wanapotupa pumba za mashine ya kusaga, mpaka mtaro unapomwaga mtoni. Akaniuliza na hapa je, yanakwenda wapi? Sikumjibu haraka kwa sababu jibu nalijua tangu utoto. Mto Rau unanywesha mashamba ya mpunga ya mradi wa Lower Moshi, ule uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Kaka yangu analima Chekereni. Kila masika ikiisha wanashika mabeleshi kuchimbua tope lililojaa kwenye mfereji, na kila mwaka analalamika kwamba linazidi. Yanayobaki yanateremka hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, tunakonunua perege, kisha Mto Pangani hadi baharini. Nilikuwa nakaribia kumpelekea ndugu yangu tope la msingi wangu shambani kwake, na kwenye karatasi ningeonekana sina kosa lolote.

Tangu hapo nilimsikiliza, na lugha yake ilikuwa rahisi kwa mtu aliyefanya kazi hospitali. Maji ya mvua yanapogusa mji yanaokota. Kwenye bati jipya yanaokota zinki. Kwenye maegesho yanaokota oili, vumbi la breki na unga wa matairi, na matairi nayo yana zinki. Uani yanaokota kinyesi cha kuku na mbwa, mifuko, mabaki ya chakula. Sehemu kubwa ya uchafu huo hubebwa na maji ya mwanzo, yale yanayosafisha uso wa ardhi baada ya siku nyingi za ukavu, na ndiyo maana wataalamu wanayafukuzia hayo kwanza. Halafu kuna wingi. Kiwanja changu kilipokuwa na migomba na nyasi, mvua ya kawaida ilizama palepale. Ukiezeka na kusakafia, karibu yote inakimbia kwa pamoja, na maji yanayokimbia hukata ardhi. Sisi watu wa kaskazini tunajua maji ya aina hiyo. Aprili 2024 korongo liliondoka na gari la shule lenye watoto pale Arusha, na siku ile hakuna mzazi wa huku aliyelala vizuri.

Huduma yenyewe ilianza kwa kupima udongo, na hapa nawapa alama zote. Alichimba shimo la futi mbili, akalijaza maji jioni, akalijaza tena asubuhi, akakaa kando yake na rula na saa. Maji yalishuka sentimita tatu kwa saa, akasema udongo huu mwekundu wetu unakunywa vizuri. Akarudia kwenye kona mbili nyingine. Kona moja, pale lori la matofali lilipokuwa linageuzia, maji hayakushuka hata sentimita moja. Udongo ni uleule, ila umeshindiliwa. Siku hiyohiyo akapigilia vigingi na kamba kuzunguka eneo ambalo mtaro wa kunyonya maji ungekuja kujengwa, akamwambia msimamizi wa mafundi wa nyumba kwamba hapo asipite hata toroli. Ningejenga bila yeye, hapo ndipo ningerundika mchanga.

Hesabu alinifundisha mpaka sasa naifanya kichwani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu ni mita za mraba 300, ua uliosakafiwa ni 260. Aliamua mfumo ushike milimita 20 za kwanza za kila mvua. Hiyo namba hakuiokota hewani. Aliniambia Los Angeles kule Marekani wanaojenga upya wanatakiwa kushughulikia angalau robo tatu ya inchi ya mwanzo, ambayo ni kama milimita 19. Basi paa linanipa lita 6,000 na ua lita 5,200. Lita za paa ziliingia kwenye simtanki mbili za lita 3,000. Lita za ua zilitakiwa kuingia ardhini, kwenye mtaro wa kokoto. Katikati ya kokoto nafasi tupu ni kama asilimia 40, kwa hiyo ili kushika lita 5,200 unahitaji mita za ujazo 13. Mtaro ukawa urefu mita 13, upana mita moja, kina mita moja. Nilipenda kuona namba imezaa shimo, kwa sababu nimezoea mafundi wanaokadiria kwa macho halafu wakakwambia "hapa patatosha mama".

Nilimuuliza kama haya yote ni mambo ya nchi za watu. Akanieleza kwamba Marekani sheria yao ya maji ni ya 1972, lakini ilichukua hadi 1987 kuyaingiza maji ya mvua ya mijini waziwazi, na tangu 2003 hata anayefukua eneo la ekari moja lazima awe na kibali na mpango wa kuzuia tope. Singapore, tangu 2014 mradi mpya kwenye eneo linalofika hekta 0.2 unalazimika kupunguza kasi ya maji kabla ya kuyaachia. Kiwanja changu ni hekta 0.09, kwa hiyo vipimo vyote hivyo vingenipita. Hilo ndilo lililonifanya nikubaliane na sharti langu. Rau haijengwi na matajiri wa hekta kumi. Inajengwa na watu kama mimi, viwanja vya mita 30 kwa 30 vimepangana mpaka mtoni, na kila mmoja wetu ni mdogo mno kuonekana.

Sasa niseme kuhusu kipindi cha ujenzi, kwa sababu huko ndiko pesa yangu ilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia na watu wengi hawaulizii kabisa. Wanaulizia matanki. Kumbe udongo unaotoka kwenye kiwanja kilicho wazi kwa miezi michache ni mwingi kuliko ule utakaotoka kwa miaka mingi baada ya nyasi kushika. Kwanza alikataa kiwanja chote kisafishwe kwa siku moja. Ukanda wa nyasi wa mita tatu upande wa chini uliachwa kama ulivyokuwa mpaka mwisho. Juu yake wakapanga viroba vya mchanga, na kwenye kona wakachimba dimbwi la kutulizia tope, maji yanaingia mekundu, yanakaa, udongo unazama, yanatoka taratibu juu ya mawe. Langoni wakamwaga kokoto kubwa mita sita ili Fuso zikitoka ziache tope kwenye mawe badala ya barabarani. Mchanga ulifunikwa turubai kila jioni. Mafundi walinuna wiki ya kwanza, wakaona ni utoto.

Na kulikuwa na shimo dogo lililotandikwa nailoni, la kuoshea mashine ya zege na mabeleshi. Hili lilinishangaza, nikauliza maji ya sementi yana nini. Ni makali kwa upande wa alkali, kinyume cha tindikali; pH yake, yaani kipimo cha ukali huo, hufika 12, yakiingia mtoni yanachoma matamvua ya samaki. Nimewahi kuwasafisha wagonjwa, mafundi ujenzi, waliochomwa miguu na zege mbichi ndani ya viatu. Nilielewa bila maelezo zaidi. Maji yalikauka shimoni, magumu yakavunjwa na kutumika chini ya sakafu.

Mvua za vuli zilitukuta tukiwa kwenye lenta. Jirani mmoja juu ya barabara alikuwa amefukua kiwanja chake chote wakati uleule, na baada ya mvua moja ya usiku udongo wake ulifunika mtaro mzima hadi mbele ya kanisa. Tope langu lilikaa dimbwini. Tulizoa toroli kumi na saba za tope, nilihesabu, tukarudisha bustanini.

Lalamiko la kwanza ni la pevingi. Mchoro ulitaka maegesho, mita za mraba 110, yawe na pevingi za matundu, kila tundu lijazwe mchanga na nyasi ili maji yazame. Injinia alisafiri siku nne, akaacha kazi kwa fundi wa timu yake. Nilipofika siku ya tatu nikakuta matundu ya karibu mita 40 yamejazwa zege, yamesawazishwa vizuri, yanang'aa.

"Mama, tumekuboreshea," fundi akaniambia. "Nyasi zitakusumbua, kila siku kufyeka. Hii utafagia tu."

Hakuwa na nia mbaya, na nadhani kwa wateja wengine angesifiwa. Lakini ina maana hakuna mtu aliyemweleza yale matundu ni ya nini. Anajua kupanga pevingi kuliko mtu yeyote niliyemwona, mstari wake umenyooka kama rula, na bado aliziba kitu pekee kilichofanya pevingi zile ziuzwe ghali kuliko za kawaida. Kosa naliweka kwa aliyemsimamia. Unapofanya biashara ya kitu ambacho macho hayakioni, lazima kila aliyeshika mwiko ajue sababu. Zilivunjwa, zikapangwa upya kwa gharama yao, nami nikachelewa wiki mbili kukabidhi fremu ya kwanza. Aliporudi kijana alikaa na mafundi chini, akamwaga ndoo ya maji kwenye pevingi zilizozibwa na ndoo nyingine kwenye zilizo wazi. Fundi yule akaangalia, akasema, "Kumbe." Hiyo ndoo ilitakiwa imwagwe kabla.

Mfumo wenyewe baada ya jengo kukamilika uko hivi. Maji ya paa yanapita kwenye gata, na nusu milimita ya mwanzo, kama lita 150, inaingia kwenye pipa lililo pembeni. Pipa likijaa ndipo maji yanaelekea kwenye simtanki. Yale ya pipa yanatoka polepole kwa kitundu chini na kunywesha ndizi. Ya simtanki yanatumika kufulia, kudeki na vyooni, na wapangaji wangu wanaona tofauti kwenye bili. Maji ya uani yanapita juu ya ukanda wa nyasi wenye bonde kidogo, yanapunguza mwendo, yanaingia kwenye chemba ya kunasa mchanga yenye kizuizi cha mafuta, ndipo yanaingia kwenye mtaro wa kokoto. Mvua ikizidi, ziada inafurika juu ya nyasi hadi mtaro wa barabarani. Hakuna bomba la mvua linaloingia kwenye karo ya choo. Mafundi wengi hapa Moshi huunganisha maji ya paa na karo kwa sababu bomba liko karibu, kisha masika karo inafumuka na kila mtu anashangaa.

Kuna sehemu ya ushauri wao ambayo iliniuma mfukoni na bado naiheshimu. Kijana mmoja alitaka fremu ya pembeni kwa ajili ya kuosha magari, tena kwa kodi nzuri kuliko wote. Injinia akasema hapana: maji ya sabuni na oili yanayotoka kila siku si maji ya mvua, mtaro wa kokoto utaziba na uchafu utashuka kwenye udongo bila kuonekana. Ingehitajika sakafu yenye paa, mfereji wake na kinasa mafuta chake, na mkataba wa kutapisha. Nilipiga hesabu, nikamkataa mpangaji. Fremu ikakaa tupu miezi miwili, sasa yupo mama mshona nguo. Alisisitiza pia paa juu ya sehemu ya taka, na fundi pikipiki wa fremu ya tatu afanyie kazi ndani, juu ya trei. Mvua isipokutana na oili huna cha kuchuja. Bati tatu na nguzo nne zimenisaidia kama ile mita 13 ya kokoto.

Lalamiko la pili: matunzo. Walikabidhi funguo za chemba, wakachukua picha, wakaondoka. Hakuna karatasi iliyosema chemba isafishwe lini. Vichujio walivyoweka vina nafasi pana, na mimi nina migrivea miwili inayomwaga majani mwaka mzima. Masika ya kwanza, mvua ya tatu, ua ulikuwa bwawa. Nilidhani mtaro wa kokoto umekufa. Nikapiga simu, akaahidi Jumatatu, ikapita. Nikapiga tena, ikapita. Mwishoni nikafungua chemba mwenyewe na mpangaji mmoja, tukakuta majani yamejaa hadi juu, chini yake mchanga futi moja. Tukatoa kwa beleshi dakika 40, maji yakashuka mbele ya macho yetu. Mtaro ulikuwa mzima kabisa, mdomo ndio ulioziba. Injinia alikuja wiki ya pili na vichujio vya wavu mdogo, akaomba radhi, akaandika ratiba kwa mkono. Ilikuwa ipatikane siku ya kukabidhiwa, tena ibandikwe kwenye mlango wa chemba.

Masika ya pili, usiku mmoja wa Aprili, mvua ilipiga bati mpaka nikaamka saa tisa. Nilitoka na mwavuli na tochi. Nikachota chupa ya maji pale ziada yangu inapofurikia, nikavuka, nikachota chupa nyingine kwenye mtaro wa barabarani. Asubuhi niliziweka dirishani. Ya barabarani ilikuwa kama chai ya maziwa, na baada ya siku nzima ilikuwa imeshusha tope la vidole viwili na utando wa rangirangi juu. Yangu ilikuwa na unjano kidogo, nilisoma maandishi ya kalenda kupitia kwayo. Nilimpelekea kaka yangu zote mbili Chekereni. Aliishika ile ya tope muda mrefu, akaiinamisha, akaniuliza ni viwanja vingapi hapo kwetu vimefanya hivi. Nikamwambia vitatu ninavyovijua.

Gharama: usanifu na usimamizi shilingi 900,000, kazi na vifaa vyote pamoja na simtanki, kokoto na pevingi shilingi 4,650,000. Bei ya pevingi ndiyo kubwa kuliko zote. Mwenye mfuko mdogo anaweza kuacha maegesho yawe moramu na nyasi, akatumia fedha kwenye chemba na mtaro. Kupima udongo kusirukwe hata kama unadhani unaujua.

Usanifu nawapa tano kati ya tano, kipindi cha ujenzi tano, usimamizi wa mafundi mbili, huduma baada ya kukabidhi mbili. Mwanangu anaanza kujenga Msaranga mwezi wa saba na nimemwambia awaite haohao. Mkataba wake tumeuandika tofauti: sehemu ya mwisho ya malipo, asilimia kumi, inabaki kwetu mpaka masika ya kwanza ipite na chemba ifunguliwe mbele yetu wote. Injinia amesaini bila ubishi.